Kitambaa cha Zafarani

Juzi, ugenini, niligusa jani la muwa, kidole kikatoka na unga wa rangi ya kutu. Hapo nikakumbuka harufu ya marashi.

Mchana mmoja wa zamani, kwetu Majengo, shangazi alikuwa akipangusa miwa yetu iliyougua kwa kitambaa kilicholowa kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa marashi. Jirani yetu Bi Mwanasha, aliyelea wanawe kwa kuuza miwa, akaja mbio.

"Dada, yangu ingali mizima. Nikingie!"

"Nikunyime wewe? Twende."

Kitambaa kilikuwa chekundu. Nilidhani ni zafarani. Shangazi akapangusa jani kwa jani, nasi tukiitikia amina. Leo najua ugonjwa ulisafiri ndani ya kitambaa kile.

Miwa yake ilipokauka, Bi Mwanasha alimkumbatia shangazi akilia. "Bila kombe lako, dada, ingekufa zamani."