Programu Iliyohitaji Kupata Moto

Miaka ile Warundi walipokuwa wakishuka kwa wingi kutoka ziwani, nilifanya kazi katika kituo cha mapokezi ya wakimbizi karibu na Bangwe, upande wetu wa ziwa. Mwenzangu, dada aliyesomea kompyuta Bujumbura na kuvuka kama wengine, alikuwa ameandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, programu ya kutafuta ndugu waliopotezana. Ofisini tuliipima asubuhi nzima, na kila jina lilijibiwa papo hapo. Mlangoni ikawa aibu. Watu wa mwanzo walisubiri mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Bosi akasema kesho ikikwama tena tunarudi kwenye karatasi, na kwa dada yule kazi ingeishia hapo.

Nikakaa pembeni kuangalia nani anachelewa. Walikuwa wa mwanzo asubuhi, na wa mwanzo tena baada ya chakula. Saa ya ugali na samaki wa migebuka jenereta ilizimwa kuokoa dizeli, kama usiku, na kompyuta ikazimika nayo.

Nilipomwambia mwenzangu, aliacha sahani yake. Java ikiwashwa, alinieleza, husoma maagizo moja moja. Ikishaona yapi yanarudiwa sana, ndipo inayageuza kuwa lugha ya mashine yenyewe na kuanza kukimbia. Ofisini tulikuwa tumepima programu iliyokwisha kupata moto; hapa tuliizima kila ilipopata moto.

Jioni tukaiwekea majina mengi ya kubuni ijitafutie yenyewe kila inapowashwa, kabla ya mlango kufunguliwa. Tukazima, tukawasha, nikaandika jina la mama aliyeandikishwa jana. Ikajikokota vilevile. Mwenzangu akaanza kucheka. Majina ya kubuni hayapatikani, kwa hiyo ilizoea kujibu "hakuna" tu. Kazi ya kufungua taarifa za mtu ilikuwa bado baridi. Tukajiandikisha wenyewe, na mpishi, na mlinzi, tukayatia majina yetu kati ya yale ya kujitafutia, ili ipate watu wa kufungua. Tukazima, tukawasha, na safari hii yule mama alitokea kiooni kabla sijainua kidole. Tulipiga kelele, mlinzi akaja kuchungulia.

Asubuhi bosi alisimama nyuma yetu, boksi la karatasi miguuni. Wa kwanza alikuwa mzee aliyemtafuta bintiye. Mwenzangu akaandika jina.

"Mzee, yupo. Alifika juzi, yuko hema la pili."

"Mbona hata sijakaa?"

Mzee alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye mahema. Bosi akaliinua boksi mwenyewe, akalirudisha stoo.