Siku Niliyomwita Nyambura Kwenye Picha

Hapa Makongeni kuna watu hawakumbuki tena jina langu. Naitwa Shahidi wa Marehemu, hata yule mama wa mandazi ananiita hivyo akinirudishia chenji, na siwezi kukasirika kwa sababu aibu hiyo niliipata kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya familia ya watu, kaburi likiwa mgongoni mwangu na simu ikirusha kila kitu hadi Amerika. Chekeni tu, lakini mnisikilize mpaka mwisho, maana mwisho wake haunichekeshi.

Kazi yangu mnaijua, mimi ni mama wa kamera, harusi, matanga, picha za pasipoti. Julai hiyo niliitwa Mugutha kwenye ibada ya kumkumbuka mama yake Mheshimiwa, mwaka mmoja tangu azikwe, siku ya kufungua msalaba mpya. (Mnajua ni Mheshimiwa yupi, mimi simtaji, nimeshaongea ya kutosha.) Wakati huo kila kinyozi kuanzia mtaa wa Landless hadi Ruiru alikuwa amegeuka wakili, kwa sababu ya madai kwamba Mheshimiwa alimlipa mwanamke fulani anyamaze kuhusu mtoto aliyezaa naye, na kwamba pesa zenyewe zilitoka kwa mfuko wa wadi yake zikaandikwa kuwa za kukodisha tenti na viti. Faili ilikuwa mezani kwa waendesha mashtaka. Yeye alisema hakuna mwanamke wala mtoto, na ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa amewaona.

Nilipofika kulikuwa na ukungu, ule wa Julai unaokaa chini kwenye mashamba ya kahawa na hauondoki hata saa tano asubuhi, na nyumba ilikuwa kimya kuliko nyumba yenye wageni inavyopaswa kuwa. Kaburi lilikuwa nyuma ya boma, limewekwa vigae, na mbele yake waliweka picha kubwa ya marehemu, Cucu Nyambura, yaani Nyanya Nyambura, pamoja na kiti chake cha mbao alichokuwa akiota jua. Sasa kamera yangu ina kale kaboksi kanakotafuta nyuso za watu na kuzishika, na siku hiyo kila nikiielekeza kwa walio hai kaboksi kanateleza, kanaenda kukaa kwenye uso wa yule mama. Nikabadilisha lenzi, nikabadilisha betri, nikahama upande. Kalirudi pale pale. Nilijiambia ni baridi, nikaenda kunywa chai.

Chini ya tenti nikawakuta Wakili, binamu yake Mheshimiwa ambaye pia ndiye anayemtetea, na Mwalimu Gathogo, mzee mstaafu, ndugu wa marehemu, wanabishana huku wameshika vikombe.

"Kumlipa mtu anyamaze si kosa," Wakili alisema. "Nionyeshe hiyo sheria, Mwalimu."

"Kulipa si kosa. Kuficha ndio kosa. Huwezi kuandika tenti na hakuna tenti."

"Nani amesema hakukuwa na tenti? Ukitaka kusema hiyo pesa ilienda kwa mama fulani, niletee huyo mama. Niletee mtoto. Bila hao wawili hakuna kesi, ni udaku tu."

"Siku moja atatokea."

"Akitokea tutaongea."

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amesimama kando, amevaa suti nyepesi, anatazama ukungu. Nilimwonea huruma, nawaambia ukweli, kwa sababu alionekana kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Baada ya ibada nikaanza kupanga familia. Wazee wote mbele kwenye viti, Mwalimu Gathogo na Tata Wangari, dadake marehemu, wakiwa katikati, Mheshimiwa na ndugu zake nyuma yao, wajukuu pembeni, na ile picha kubwa na kiti cha marehemu nikavihamishia mbele yao. Mimi nikarudi nyuma nyuma hadi kisigino kikagusa vigae vya kaburi, simu ya laivu, ya kuwarushia jamaa walio Amerika, iko kwenye stendi karibu yangu, nikainua kamera. Kidole kikiwa juu ya kitufe nikasikia sauti ya mama mzee nyuma ya sikio langu, sauti ya upole tu, ikisema kwa Kikuyu, "Bado mmoja."

Nilidhani ni Tata Wangari. Nikasema, "Sawa, tata," nikashusha kamera, nikatafuta huyo mmoja, na nikamwona mtoto wa kike amesimama nje ya ua wa miiba ya kaiyaba, na koti la shule, ametulia tuli. Nikafikiria ni mjukuu mwenye aibu. (Hapa ndipo ningenyamaza. Mungu alinipa midomo miwili ya kufunga mmoja juu ya mwingine, nikaifungua.)

"Wewe msichana, unaitwa nani?" nikaita.

"Nyambura."

Sasa nyinyi mnajua vile sisi Wakikuyu huwapa watoto majina. Mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama ya baba yake, na huyo mtoto anakuwa ni kama huyo nyanya amerudi, hata baba yake humwita maitu, mama yangu, kwa heshima ya jina. Kwenye picha za kumbukumbu mimi huwa naweka wenye jina la marehemu karibu na marehemu, ndiyo kawaida yangu, na wateja hupenda. Kwa hivyo nikasema kwa furaha kabisa, "Kumbe hata jina la cucu ni lako! Kuja mama, kuja ukae kwa kiti chako."

Akaja. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyeelewa. Akapita kwenye ukungu, akaketi kwenye kile kiti, akavuta sketi yake ikafunika magoti, akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto. Nikatazama mtoto, nikatazama picha kubwa iliyokuwa kando yake. Shingo ile ile, paji lile lile, mikono imewekwa vile vile. Kaboksi ka kamera kakatoka kwa picha, kakahamia kwa mtoto, kakatulia, nikabonyeza. Nikamsikia Tata Wangari akivuta pumzi, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Tata alikuwa mbele yangu muda wote. Wazee wote walikuwa mbele yangu.

Yule mtoto akageuka akamtazama Mheshimiwa, akasema kwa Kikuyu cha wazee, polepole, "Umevaa nyepesi. Utashikwa na baridi."

Na Mheshimiwa, bila kufikiri, kwa sauti ya mtu aliyezoea, akaitikia, "Ii, maitu."

Wenzangu, kulikuwa na ng'ombe kwa jirani na hata huyo ng'ombe alinyamaza. Mwalimu Gathogo aliinuka kwenye kiti chake polepole. Nje ya ua nikaona mwanamke amejifunika mdomo kwa shali, na kwa vile alivyokuwa akimtazama mtoto nilijua ni mama yake, na nikajua nimefanya nini.

Wakili ndiye aliyepata sauti kwanza. Alisema haraka haraka, "Jameni, Mheshimiwa yuko kwa kaburi la mama yake. Ameongea na mama yake. Hakuna kitu cha ajabu hapo."

"Ameongea na mama yake," Mwalimu akarudia. "Basi ni dada yangu ndiye aliyemwambia atashikwa na baridi?"

Mimi ni mtu wa kufanya watu watabasamu, nikiona nyuso zimekazana naharibikiwa, nikataka kupoza mambo, nikasema, na simu bado inarusha, "Kusema kweli hata mimi kuna mama mzee ameniongelesha hapa nyuma. Ndiye ameniambia nimwite mtoto."

"Hapo nyuma wapi?" Mwalimu akauliza.

Nikageuka kuonyesha. Kulikuwa na kaburi tu.

"Mmesikia?" Wakili akasema, na alikuwa karibu kucheka. "Tuko na shahidi."

Ndiyo hilo jina lilivyozaliwa. Jioni video ilikuwa kwa kila simu kutoka Ruiru hadi Thika, na mabishano yakahama: wengine wakisema neno moja kaburini haliwezi kuwa ungamo, wengine mtoto apimwe damu, wengine tenti ni tenti hata kama baba ni nani. Na katikati ya hayo yote ni mimi, mdomo wazi, nikionyesha kidole mahali pasipo na mtu.

Kabla wapelelezi hawajaniita, yule mwanamke wa shali alikuja studio. Anaitwa Rahabu. Nilidhani atanipiga, na ningekubali.

"Sikuja kugombana," alisema. "Yule cucu, alipokuwa hai, alikuwa akituma mtu atuletee maziwa, ndio maana nilimpeleka mtoto amuage. Niliambiwa nikae nje na nilikaa nje."

"Nisamehe, Mama Nyambura. Sikujua."

"Karo yake inalipwa kwa sababu hajulikani. Nyumba ninayolala pia. Watu wa Mheshimiwa wamenipigia simu wakasema, akijulikana imeisha." Akanitazama. "Lakini Wakili anasema ukishikilia vile ulisema, kwamba ulimsikia cucu, basi Mheshimiwa alikuwa anamjibu cucu. Mtoto anabaki alikuwa anapita tu. Si ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi si uongo. Na hiyo picha yake ifute."

Nikaenda Ruiru kuandikisha taarifa, nimevaa nguo ya kanisa. Kijana mmoja mpelelezi, mpole sana, aliniuliza nani aliniambia nimwite mtoto. Nikamwambia sauti ya mama mzee. Kalamu ikasimama.

"Wazee wote kwenye picha wako mbele yako, mama. Nyuma yako kulikuwa na nani?"

"Kaburi."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo."

Akaandika, akaomba ruhusa atoke kidogo, na mlango ulipofungwa nikawasikia wakicheka kwenye korido. Nilikaa pale nikiangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimesema ukweli mtupu, na ukweli huo ulikuwa unamsaidia mwongo, na tena unamlipia mtoto karo, na mimi sikujua niufurahie au niulilie. Faili bado iko mezani, wanasheria bado wanabishana, na Wakili huwaambia watu kwamba hata shahidi wa serikali alimsikia marehemu.

Tangu hapo nimeapa. Nikipanga familia ya watu nauliza mara moja tu, mko wote? Wakisema ndiyo, nabonyeza. Sitafuti mtu wala siulizi jina la mtoto, na laivu nimeachia vijana wenye moyo.

Lakini muhula ulipofunguliwa Rahabu alimleta Nyambura apigwe picha ya kadi ya shule. Karo ilikuwa imelipwa. Mtoto alikaa kwenye stuli, akatulia vile anavyotulia, na nilipomaliza akaniuliza kama naweza kumpa ile picha ya Mugutha, aliyopigwa akiwa na cucu wake, kwa sababu hana nyingine. Nikamtazama mama yake. Mama yake akatazama sakafu. Nikamwambia siku ile haikutoka vizuri, ukungu ulikuwa mwingi.

"Sawa," akasema. "Asante kwa kujaribu."