Chumvi kwenye Waya

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipokuwa fundi umeme wa magari pale Endagikot. Nilikuwa kijana niliyetoka chuoni karibuni, cheti changu nimekitundika ukutani chini ya msalaba. Namshukuru Mungu kwa mengi aliyonijalia tangu hapo, lakini siku hiyo bado inaniuma.

Alikuja mfugaji wa Gendabi, jina lake Gidamis, na pikapu ya petroli. Kando yake aliketi baba yake, amekonda, amejifunika blanketi. Walikuwa wametoka hospitali, na madaktari walikuwa wamesema hawana la kuongeza. Mzee alitaka jambo moja tu: afike bomani kwake, awawekee mikono wanawe na wajukuu, awabariki kabla hajafa. Baraka ile haikuwa ya kutumwa kwa mtu mwingine. Lazima afike mwenyewe.

Lakini gari lilikuwa linazima njiani. Likikaa kidogo, linawaka tena.

"Limeanza tangu tulipobeba chumvi ya ng'ombe kutoka ziwa Balangida," Gidamis akaniambia. "Ilikuwa mbichi, ikavuja maji. Angalia kule chini, fundi."

Mtu yule alikuwa amenizidi umri, na hata shikamoo sikumpa. Nilimjibu, "Chumvi wanakula ng'ombe. Gari linakula umeme." Nikacheka peke yangu.

Mzee akasema neno kwa lugha yao. Gidamis akanitafsiria: "Baba anauliza, wewe unasikia kwa masikio, au mpaka uchomeke hicho kidude?" Alimaanisha testa, taa yangu ya kupimia umeme.

Nilifungua boneti, nikaigusa rilei ya pampu ya mafuta. Rilei, mwanangu, ni swichi ndogo. Umeme kidogo huivuta, nayo hufungua njia ili umeme mwingi uende kwenye pampu. Ukiwasha gari unaisikia ikilia "tik". Na ile ililia, safi kabisa. Ilikuwa inaniambia kwamba ugonjwa hauko kwake, niendelee mbele. Niliing'oa hata hivyo, nikaweka nyingine. Gari likawaka.

Kwa nini sikulala chini nikaufuata waya hadi kwenye pampu? Nitakuambia, ingawa ni aibu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kwaya, na mazoezi yalikuwa yanakaribia kuanza. Nilikuwa na haraka ya kwenda kumsifu Mungu. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na sikujua kwamba siku ile neno hilo lingetimia lilivyo, herufi kwa herufi.

"Nendeni salama," nikawaambia.

Alasiri dereva wa lori akaniletea habari kwamba pikapu imekwama kwenye kilima mbele ya Dongobesh. Nilipanda pikipiki. Nilipofika, Gidamis alikuwa ameketi chini kwenye kivuli cha gari, kichwa cha baba yake mapajani. Mzee alikuwa ameshakata roho. Kwa mbali mlima Hanang ulionekana wazi, na boma lao liko upande uleule.

Nikalala kwenye vumbi na shati langu jeupe. Nikapima: umeme ulikuwa unafika kwenye pampu vizuri, ila haukuwa na njia ya kurudi. Waya wa ardhi, ule unaofungwa kwenye chasi, ulikuwa umeota unga mweupe wa chumvi. Nilipougusa ukakatika mkononi. Nikaukwangua, nikaufunga upya. Kazi hiyo haikuzidi dakika kumi.

Gari likawaka mara moja. Mwanangu, sijawahi kusikia injini ikilia vibaya kama ile iliyolia vizuri siku hiyo.

Gidamis hakunitukana. Alimlaza baba yake vizuri, akasema, "Wajukuu wamekaa tangu asubuhi wanamngoja." Kisha, akiwa ameshika mlango: "Nilikuambia chumvi."

Niliungama kwa padri wetu, naye akaniambia kuungama kanisani hakutoshi, niende Gendabi. Nilikwenda. Nilimpa Gidamis shikamoo niliyokuwa ninadaiwa. Akaitikia marahaba, akaniletea maziwa. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini watoto hawa hawakubarikiwa na babu yao. Hilo hata wewe fundi huwezi kulitengeneza."

Ni kweli. Sijalitengeneza hadi leo.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, wewe unayeshika testa leo, na wewe unayeshika kalamu au kitabu cha sala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye gari amelala na gari lake; muulize lilianza lini na lilibeba nini, kisha nyamaza. Nilimwona Gidamis kuwa mtu asiyejua kwa sababu hakusoma wala hakusali kwetu, kumbe Mungu alikuwa ameweka jibu kinywani mwake. Usibadilishe kifaa kizima ili uonekane umefanya kazi. Fuata waya hadi mwisho wake, hata kama mwisho uko kwenye matope. Na ibada isikufanye umpite mgonjwa barabarani.

Mimi nami nimezeeka, na miguu inavimba. Sitasubiri mpaka nifikishwe mahali fulani. Inamisha kichwa hapo ulipo. Mungu akupe masikio kabla hajakupa maarifa. Mikono yako ichafuke, moyo wako ubaki safi. Na kila anayekuja kwako akiwa safarini, afike anakokwenda. Amina.