Makofi ya robine

"Mupige makofi, robine ya maji inakuja," alisema shefu, kiongozi wa mtaa, mkutanoni Jumapili akituahidi bomba, na mikono yangu ikakataa.

"We mama, mbona hupigi?" shefu aliniuliza.

"Mi nilishapiga nikiwa mutoto."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mwanangu Yohana nilimzika juzijuzi, kuhara kwa maji ya mtoni kulimmaliza.

Alasiri ile ya utotoni, hapahapa Kinama, tulibanana mkutanoni katika harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, na jasho. Shefu mwingine aliahidi robine hiyohiyo, na kila alipopumua watu walipiga makofi. Nilidhani makofi ndiyo yanayovuta maji. Nilipiga mpaka viganja vikawaka, kisha nikakimbia kuweka ndoo yetu pale alipoonyesha kidole. Mama aliiacha pale hadi giza lilipoingia. Sasa najua kwamba hata yeye alikuwa anangoja.

Leo nimepeleka malalamiko kwenye komini, ofisi ya serikali ya hapa: "Mimi, mama wa marehemu Yohana, nalalamika kwamba mtaa wetu haujawahi kuulizwa neno. Tunaambiwa tupige makofi tu. Naomba muandike kwamba mimi sikupiga."