Kartoni Isiyo na Doa

Kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, Laurent alikuwa akipiga magoti nyuma ya nyumba ya mbao aliyopanga kule Ndosho na kuvuta kartoni kutoka chini ya gari lake. Usimcheke. Ardhi yetu ya Goma ni jiwe jeusi la volkano. Oili ikidondoka juu yake huioni, utakuja kuambiwa na injini yenyewe siku inapokufa. Ndiyo maana mwenye gari hutandika kartoni jioni, na asubuhi anaisoma. Ya Laurent, kwa miezi mitatu mfululizo, ilikuwa safi, haina hata doa. Alikuwa anairudisha mahali pake akijisikia mtu mwenye bahati.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la milango mitatu, la mkono wa pili, lenye turbo na injini ya mbio. Lilikuwa limepita Mombasa na Kampala kabla ya kumfikia. Alilinunua kwa ng'ombe watano alioachiwa na marehemu baba yake kule Masisi, na shangazi zake hawajamsamehe mpaka leo. Laurent ni fundi wa simu. Siku nzima anakaa ndani ya kibanda ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Siku ya kwanza alipolikanyaga lile gari kwenye lami ya kwenda Sake, mgongo ukabandikwa kwenye kiti, alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Alilipenda, basi. Kupenda si kosa.

Kosa lilikuwa kwenye kulilisha. Matairi yake yalikuwa ya ubavu mfupi, na mawe ya Ndosho yaliyakata moja baada ya jingine. Esansi, yaani petroli, ya madumu ya barabarani, ile wanayouza vijana tunaowaita kadhafi, liliikataa: lilikohoa wiki nzima, kisha likadai buji mpya nne, yaani plagi. Lilitaka oili nyepesi ya bei ya juu, si ile nzito inayonywewa na malori. Halafu amortiseri za kuzuia mtikisiko, halafu mpira wa turbo, halafu asiransi, ile bima, na vinyeti ya kodi ya barabara, na askari wa barabarani ambaye gari jekundu humwamsha usingizini. Mke wake Ernestine, mshonaji, alikuwa akiuliza, "Imekula ngapi?" Laurent alikuwa akitaja nusu. Tairi ya dola sabini na tano ikawa ya thelathini na tano. Hakuona kwamba anadanganya. Aliona kwamba anamwondolea mama wa mtoto wake mawazo. Wazee wanasema mali bila daftari huisha bila habari, na wanaume wa aina ya Laurent huitikia amina kanisani na kurudi nyumbani kufanya yaleyale.

Mwaka jana jiwe lilipasua karteri, yaani lile bakuli la chuma linaloshika oili chini ya injini. Fundi Valentin aliichomelea, halafu akafanya kama tunavyofanya sote hapa: akakata bati nene kutoka kwenye pipa kuukuu, akalikunja kingo kama sinia, akalifunga chini ya injini kwa bolti nne ili mawe yagonge bati. Hiyo tunaiita tole. Baada ya hapo kile kijiti cha kupimia oili kikavunjika kichwa. Kingine kilikuwa dola ishirini na tano, cha kuagiza Kampala. Laurent akasema ataagiza mwezi ujao. Kwa sasa kartoni inatosha.

Ilipofika mwaka huu Ernestine akachoka. Alikuwa amepata kiwanja upande wa Mugunga, mita kumi na tano kwa ishirini, cha mjane mmoja, Mama Donatille. Bei dola elfu tano na mia tano. Kwa sindano yake mwenyewe alikuwa ameshatoa elfu moja na mia tano. Zilibaki elfu nne, na mwisho ulikuwa Jumatatu. Baada ya hapo mjane angemrudishia pesa zake na kumpa mwingine kiwanja. Miaka kenda walikuwa wanapanga kwenye mbao za watu, wakihamishwa kila mwenye nyumba alipokumbuka kwamba ana mpwa. Laurent alielewa kwamba safari hii hakuna la kukata nusu. Akatafuta mnunuzi, akampata: muzee Dieudonné, mchuuzi wa maharage wa Kalengera, aliyeliona gari kwenye harusi moja Murara. Alikubali elfu nne, taslimu. Ila sharti lifike kwake Jumamosi, kwa magurudumu yake, kabla ya saa sita mchana. Baada ya saa sita pesa zingeingia kwenye maharage.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, walikuwa njiani kuelekea kaskazini, wawili tu. Exaucée, binti yao, walimwacha kwa jirani. Ernestine alikaa na bahasha ya karatasi za gari mapajani, mikono yote miwili juu yake. Karibu kilomita sitini. Laurent alilazimisha mguu wake usikanyage sana.

Walivuka Kibumba salama. Wakikaribia Rugari, taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani, ikazimika, ikawaka tena.

"Papa Exaucée, ile taa ni ya nini?"

"Ya oili. Haiko kitu. Ni waya tu."

"Unajuaje?"

"Karto ya leo asubuhi uliiona. Ingekuwa inavuja tungeona."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mzima anayejua, huku akikwepa kuitazama taa yenyewe. Taa haikuzimika tena. Ikaja harufu ya kitu kinachoungua, halafu sauti ndogo ndani ya injini, kavu, tik, tik, tik.

"Simamisha," Ernestine alisema.

"Tukisimama, saa sita itatupita."

"Laurent. Simamisha, minakuomba."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu mtoto azaliwe. Akasimamisha.

Aliinama kuangalia chini. Lami ilikuwa kavu, hakuna hata tone. Kwa dakika nzima alifurahi, maskini ya Mungu. Alitaka kuinuka amwambie mke wake, unaona? Ndipo alipoweka kiganja juu ya tole, akakiondoa haraka, kwa maana ilikuwa ya moto kama sufuria. Chuma cha chini, kinachopigwa na upepo wa njia nzima, kinakuwaje cha moto vile? Akaelewa. Aliketi pale barabarani akashika kichwa.

Tole ilikuwa imejaa. Mawe yaliigonga mpaka ikabinuka juu, ikasukuma karteri, na pale pa kuchomelewa pakafunguka. Kila tone lililotoka kwa miezi mitatu lilidondokea kwenye sinia ya Valentin, na kartoni chini ikabaki safi. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Laurent alijifichia maradhi yeye mwenyewe, na alimlipa Valentin dola arobaini kwa kazi hiyo.

Saa nne na robo. Alilegeza bolti, akaishusha tole polepole, nusu ikamwagika barabarani. Ernestine alifungua kitambaa chake cha kichwa, cha rangi ya samawati, cha Jumapili. Wakachuja oili iliyosalia kupitia kitambaa hicho ndani ya dumu. Laurent akasubiri injini ipoe akihesabu dakika, akapangusa ufa, akausiliba kwa sabuni ya mche waliyonunua kwenye kiduka cha kando ya barabara, mpaka ufa ukajaa. Kwenye kiduka hichohicho walipata lita mbili za oili nzito ya malori. Ndiyo iliyokuwepo; wakaimimina pamoja na ile ya dumuni. Alipoiwasha injini, ile tik, tik ilikuwa imepungua.

Kisha akaiokota tole na kuirudisha. Ernestine alimtazama akikaza bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ya nini tena?" aliuliza.

"Mawe."

Laurent akakaza ya nne. Kila mmoja alijua kwamba njia iliyobaki haikuwa na mawe mengi.

Walifika Kalengera saa sita kasoro dakika nane. Muzee Dieudonné alikuwa mlangoni pa ghala lake, mtu mnene, mpole, mkoba mdogo wa ngozi kwapani. Aliwasalimia vizuri, akazunguka gari, akaliwasha, akalisikiliza. Kisha akaagiza kartoni itandikwe chini yake.

Hiyo nayo ni desturi yetu. Hakuna anayelipa pesa ya gari la mkono wa pili kabla halijakaa juu ya kartoni. "Tuiache kidogo, tuone kama inakojoa," muzee alisema akicheka. "Sisi tule."

Wakala foufou na maharage, mezani karibu na dirisha, gari likiwa mbele yao juani. Mnunuzi alikuwa akieleza kwamba gari ni la binti yake Bénita, muuguzi, ambaye kila Jumatatu anashuka Goma na kila Ijumaa anapanda. "Hizi moto, hizi pikipiki, zimemwangusha mara mbili. Sasa nimekataa," alisema. Bénita mwenyewe akaingia, akapiga goti kidogo kuwasalimu, akatoka kwenda kukaa nyuma ya usukani. Alirekebisha kioo. Alikuwa anatabasamu jinsi Laurent alivyotabasamu siku ile ya lami ya Sake.

Ilipopita nusu saa, muzee akainuka, akaivuta kartoni kwa mguu. Safi. Akafungua mkoba, akaanza kuweka noti za dola mia moja mezani, kumi kumi.

Rundo la kwanza. Laurent aliona ukuta wa kwanza wa nyumba. Rundo la pili. Alimtazama Ernestine, naye Ernestine alikuwa akitazama meza, midomo imekazwa, kichwa kitupu bila kitambaa. Kama angemkonyeza, kama angetikisa kichwa, ingekuwa rahisi. Hakufanya lolote. Rundo la tatu. Nje, yule binti alipapasa usukani. Laurent aliitazama ile kartoni, aliyokuwa ameiamini kila asubuhi kama Injili, na akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Muzee, ngoja," alisema. "Iyo karto isikudanganye. Kuko tole chini."

Alitoka na shati lake la kanisani, akalala chali juani, akafungua bolti zile nne. Ndani ya tole mlikuwa na oili ya kujaza kikombe cha chai. Akaeleza yote, ufa, sabuni, kijiti kilichovunjika, oili ya malori.

Dieudonné aliinama akachungulia chini. Kisha alirudi mezani, akaondoa noti moja kwenye yale marundo matatu, akafunga mkoba.

"Elfu mbili na mia tisa," alisema. "Karteri mpya itatoka Kampala, na ile oili uliyotia itabidi itoke yote, na sijui ndani mumeharibika nini. Sikukatii kwa hasira. Na iyo tole yako urudi nayo, sitaki kuiona hapa."

Laurent hakuthubutu kumtazama mke wake.

"Kubali," Ernestine alisema.

Alitoka uani na simu. Walimsikia akimweleza Mama Donatille kila kitu, bila kupunguza, kwamba pungufu ni elfu moja na mia moja, kwamba anaomba miezi minne tu. Alisikiliza. Akasema, "Ndiyo, mama. Nimeelewa, mama." Mjane alikuwa na mtoto hospitalini, na yule mnunuzi mwingine alikuwa na pesa zote mkononi. Basi, kiwanja kikaenda.

Walirudi na lori la kabichi, wamebanwa mbele karibu na dereva aliyekuwa na mambo yake, asiyewasikiliza. Tole ilikuwa mapajani mwa Laurent, imefungwa kwenye gunia. Walipita Rumangabo.

"Leo umeambia ukweli mutu uliyemuona saa moja," Ernestine alisema. "Miye niko nawe miaka kenda. Nihesabie. Yote, bila kukata."

Akaanza na matairi. Yalikuwa tisa, si matano. Wakapita Rugari akiwa kwenye amortiseri, na pale walipokuwa wamesimama asubuhi palikuwa na doa kubwa jeusi kwenye lami, wote wawili wakaliona. Akaendelea. Mpira wa turbo. Buji. Oili, kila mara bei yake halisi. Dola ishirini ishirini za askari. Mara mbili Ernestine alimwambia, "Rudia iyo," naye akarudia. Kibumba iliwapita akiwa bado hajamaliza. Hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na ng'ombe wa baba yake aliwachunga kwenye mvua ya Masisi tangu ana miaka sita.

Jiji lilipoanza kuonekana, Ernestine alikuwa ameshajumlisha kichwani.

"Elfu tatu na mia moja na makumi ine," alisema. "Na zile ulikuwa unaniambia ni elfu moja na mia tano."

"Ndiyo."

"Kumbe pesa ya kuziba pengo la leo tulikuwa nayo. Tulikuwa nayo, na ingine ingebaki."

Hakulia. Afadhali angelia. Laurent alitaka kusema nisamehe, akaliona neno lenyewe dogo mno, akasema hivyo hivyo. Ernestine alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, akaifunga ile bahasha, sasa yenye dola za muzee, ndani ya kitenge chake.

Lori liliwashusha karibu na Murara. Iliyobaki ni miguu, na Ndosho si karibu. Laurent aliegemeza gunia kwenye ukingo wa barabara na kuliacha, akamfuata mke wake. Kabla hawajafika kona aligeuka kuangalia. Dereva mmoja wa teksi alikuwa amesimama, ameitoa tole guniani, anaigongagonga kwa kidole, ameridhika na unene wake.