Simu Isiyoisha Chaji

Fundi cherehani tunayetazamana naye milango hazungumzi na simu, anaifokea, tena pini akiwa kazibana pembeni mwa mdomo. Ile ya zamani ilikuwa inazimika kila saa, ndipo bintiye, anayeuza simu mji mwingine, akamletea mpya. "Baba, hii prosesa yake ni ya kisasa, haili umeme hovyo. Usipoishika inasinzia yenyewe. Siku nne unakaa bila chaja!" Fundi akaishonea mfuko wa kitambaa cha suti, wenye kifungo. Ila mazoea hayajui prosesa. Miaka yote, maongezi yakianza kumgusa, husema, "Mwanangu, chaji inaniishia," akakata.

Jana nilikuwa nimesimama kwake, futi kiunoni, ananipima suruali, simu ikaita: bintiye. Akaiweka spika. Walitaniana, akamfokea kwa mapenzi kama kawaida yake. Halafu binti akauliza, na sauti ikajaa chumba kizima: "Baba, usingizi unakuja siku hizi, tangu mama atutoke?" Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini.

"Mwanangu, chaji inaniishia."

Kioo cha simu kilionyesha asilimia tisini. "Haya baba," akasema taratibu. "Ichaji kwanza, halafu unipigie."

Fundi akakata. Akasimama, akachomoa pasi ukutani, akachomeka simu, asije akawa amemdanganya mwanawe.