Siku Walipokung'uta Viatu Ufuoni

Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, kila likizo ya Agosti mama alinitoa Machakos mjini akanipeleka Mwala kwa susu, ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya. Kitu nilichokisubiri mwaka mzima ni siku ya kwenda ufuoni. Mtu akisikia ufuo anafikiria bahari. Wetu ulikuwa kwenye kona ya mto Athi, mbali na barabara yoyote, mchanga mweupe uliotandaa mpana kuliko uwanja wa shule. Viboko walilala ng'ambo kama mawe yaliyolowa, na kenge walipita karibu nasi bila haraka. Ndege wadogo wa kijani walikuwa wametoboa ukingo mzima mashimo, wakiingia na kutoka mchana kutwa. Kiangazi kikikaza na mto ukakauka, wanawake walifukua mchanga huo kwa vibuyu na maji matamu yakachuruzika, ya watu na ya mbuzi. Maji mengine ya karibu hayakuwapo.

Ilikuwapo desturi moja. Kabla ya kuondoka, kila mtu alikung'uta miguu. Susu alinipangusa katikati ya vidole na kunikunjua pindo la kaptula, asiache hata punje. Mchanga ule, alisema, ni wa aimu, mizimu ya watu wetu. Ukiondoka, mto nao utaufuata.

Mjomba Kimeu, kitinda mimba wake, alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuachishwa kazi ya kiwandani mjini Athi River. Aliyacheka mambo hayo waziwazi. Nairobi ilikuwa inajengwa usiku na mchana, na alikuwa amepata mwenye lori aliyetaka mchanga. Akafyeka njia porini hadi mtoni. Susu alipomkataza, alimuuliza mbele ya majirani kama wafu walikuwa wanajenga ghorofa, maana wivu wao juu ya mchanga ulimshangaza. Majirani walicheka. Wengine wao ndio waliokuja na sepetu.

Susu aliposikia lori likipita alinishika mkono tukalifuata. Hakulia wala hakulaani mtu. Alikaa kwenye jiwe akatazama. Vijana walichota tangu asubuhi hadi jua la utosi, na ukingo ulipomomonyoka, mashimo ya ndege yakaenda nao.

Lori lilipojaa ndipo nilipoona jambo ambalo sijawahi kulisahau. Wapakiaji walisogea kando, mmoja mmoja, wakaanza kukung'uta miguu. Mmoja alipindua mifuko ya suruali. Mwingine aligonga sepetu yake kwenye gurudumu mpaka ikang'aa. Mwisho mjomba naye akavua viatu, akavigonganisha soli, akachungulia ndani kuhakikisha.

Susu alicheka, kicheko kikavu ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Unakung'uta viatu, Kimeu?"

"Ni mazoea tu, Mwaitu," mjomba alimjibu mama yake bila kumtazama.

"Na lori? Lori utalikung'utia wapi?"

Kijana mmoja alianza kucheka, akajikohoza. Mjomba alivaa viatu bila kufunga kamba, akapanda mbele kwa dereva.

Malori mengine yalikuja miaka iliyofuata, hadi mwamba ukatokeza. Mvua zikinyesha mto unapita kwa fujo siku chache, kisha hakuna hata tone la kufukua. Susu alizeeka akinywa maji ya mkokoteni wa punda.

Nimesoma ya kutosha kujua jinsi mchanga unavyohifadhi maji, na sihitaji mizimu kunieleza mto ulikoenda. Mjomba nimejaribu kumwelewa pia. Alikuwa na watoto na hakuwa na kazi, na kama asingeuza yeye, angeuza mwingine. Hayo yote nayakubali.

Lakini Desemba iliyopita nilimkuta, mzee anayeheshimiwa sasa, akiwasimulia wajukuu jinsi aimu walivyokasirika wakauchukua mto. Anasimulia vizuri, kwa sauti ya chini, na watoto walikuwa wamesogeleana. Mmoja akamuuliza nani aliwakasirisha.

"Watu," alisema. "Watu wa siku hizo hawakuwa na heshima."

Nilingoja amtaje hata mmoja. Akaomba chai. Nikamletea, kwa kuwa ni mjomba wangu, lakini sikuketi kunywa naye.